Mjomba, soko limepanda lakini kikundi kinaniita mwizi

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni nesi, huu ni mwaka wangu wa tisa Bremen. Tuna kikundi chetu, watu 14, Watanzania na Wakenya wachache. Tulikianzisha baada ya mwenzetu mmoja kufariki, tukakesha kwenye simu tukichangishana ili mwili ufike Tanga. Ilitutoka euro 6,000 na ushee. Tangu siku ile kila mmoja anatoa euro 30 kwa mwezi, na mhazini ni mimi.

Mwishoni mwa 2023 watu walianza kulalamika kwamba pesa imelala tu benki. Kijana mmoja anayesoma chuo akatushauri tununue vipande vya mfuko unaofuata kampuni kubwa za Ulaya. Akaunti nikafungua mimi, kwa jina langu, kwa sababu kikundi hakina usajili. Nikatafuta kwenye simu, nikakutana na EURO STOXX 50, nikasema ndiyo hiyo hiyo, kampuni 50 kubwa za Ulaya. Kuanzia Januari 2024, kila mwanzo wa mwezi zinakatwa euro 300 zinanunua vipande. Zile 120 zinabaki benki.

Mjomba, kikao cha Januari mwaka huu wa 2025 ndicho kilichoniharibia jina. Nilisoma taarifa yangu: mwaka mzima tumeweka euro 3,600, na mwisho wa Desemba akaunti inasoma euro 3,612. Kaka mmoja, fundi wa magari, akatoa simu akasoma kwa sauti kwamba soko la Ujerumani, hiyo DAX, limepanda karibu asilimia 19 kwa 2024. "Asilimia 19 ya 3,600 ni 684. Mhazini katuletea 12. Atuambie 672 ziko wapi."

Nikamwambia hatukununua ya Ujerumani. Akaniuliza, sasa kwa nini uliona ya pointi 20,000 ukaiacha, ukachukua ya 4,900? Watu wakacheka. Dada mwingine akadakia kwamba hata hiyo yetu yenyewe, simu inaonyesha imepanda asilimia 8, kwa hiyo hata kwa hesabu ya huruma zilitakiwa 288. Na mwingine tena akauliza hiyo ni Ulaya gani isiyo na Nestlé wala Novo Nordisk. Sikuwa na jibu hata moja. Nilitoka pale nalia.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwaka jana kuna pesa ndogo ndogo ziliingia kwenye ile akaunti, mara euro 9, mara 17, mara 26. Sikujua ni za nini. Nikanunulia soda na sahani za karatasi za mkutano. Risiti sina.

Miezi miwili sasa hawanisalimii vizuri. Nijiuzulu? Au hii fahirisi, hiyo namba ya kupimia soko, ndiyo imeniibia?

Mhazini mwenye jina baya, Bremen

—

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikokotoo. Pesa hujala, ukiacha soda, na soda tutaifikia.

Tuanze na zile euro 12, maana ndizo zilizokuliza. Dada aliyesema asilimia 8 hakudanganya. EURO STOXX 50 ilifungua 2024 ikiwa kwenye pointi 4,500 na kidogo, ikafunga kwenye 4,896. Hiyo ni asilimia 8 na chembe. Lakini asilimia hiyo ni ya mtu aliyeweka 3,600 zote mkupuo mmoja mwanzoni mwa Januari akatulia. Nyinyi Januari mlikuwa na 300. Zilizobaki zilikuwa bado mifukoni mwenu, na zile euro 30 za Novemba za huyo kaka fundi alikuwa hata hajazifanyia kazi.

Sasa angalia mwaka wenyewe ulivyokwenda. Soko lilikimbia miezi mitatu ya mwanzo. Mwisho wa Machi fahirisi ilikuwa imeshavuka 5,000, kisha ikawa inapanda na kushuka bila kwenda popote, mpaka Desemba ikafunga chini ya 4,900. Ina maana vipande vya Januari na Februari vilipata faida nzuri, vya Aprili vilinunuliwa ghali kuliko bei ya mwisho wa mwaka, na vya miezi mingine vilicheza karibu na palepale. Ni kama mtu anayenunua gunia moja la mahindi kila mwezi. Bei ya Januari ukiilinganisha na ya Desemba unapata habari za soko, hupati habari za ghala lake. Ukijumlisha manunuzi yenu kumi na mawili, faida ya bei inatoka chembamba kabisa. Hiyo 3,612 yako mimi inaniingia akilini.

Kwa hiyo dada huyo ameshajibiwa. Kaka fundi ana kesi mbili, na zote mbili zinatufikisha kwenye swali ambalo hamkuuliza kabla ya kununua: hii fahirisi inapima nini?

Fahirisi ni kapu. Kuna mtu ameandika kanuni za nani aingie humo, awe na uzito gani, na kipi kihesabiwe. Sisi wa Dar hili tunalijua bila kujua kwamba tunalijua. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina fahirisi mbili kuu, DSEI inayobeba kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya kama benki ya KCB zilizojiandikisha kwetu pia, na TSI inayobeba za nyumbani tu. Siku Nairobi ikitikisika, DSEI inaweza kuyumba na TSI ikatulia. Mtu akikwambia "soko limeshuka", muulize lipi.

DAX na yenu zinatofautiana kwenye jambo ambalo hata watangazaji wa habari huko mliko hawalisemi. DAX inayosomwa kila jioni inahesabu gawio, ile sehemu ya faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa. Kampuni ikilipa gawio, hesabu ya DAX inachukulia kwamba pesa ile imenunulia hisa tena, na pointi zinaendelea kujaa. EURO STOXX 50 inayoonyeshwa kwenye simu ni ya bei peke yake, gawio likilipwa halimo. (DAX ya bei tupu ipo, na pointi zake ziko chini mno, ila hakuna anayeitangaza.) Kampuni kubwa za huko hulipa gawio la karibu asilimia 3 kwa mwaka. Kaka amewapima watu wawili, mmoja na viatu vya visigino na mwingine miguu mitupu, halafu akasema huyu mfupi.

Hapo ndipo soda yako inapoingia. Zile euro 9, 17 na 26 ni gawio. Mfuko mliochagua ni wa aina inayogawa. Kila baada ya miezi kadhaa unakusanya gawio la zile kampuni 50 na kuwatupia kwenye akaunti kama pesa taslimu. Ipo aina nyingine inayolirudisha gawio ndani ya mfuko lenyewe, kipande kikanenepa bila wewe kuona chochote. Zote halali. Lakini maana yake ni kwamba faida yenu ya 2024 ilikuwa 12 jumlisha 52, yaani 64, na katika hizo 52 umewanunulia watu soda kwa pesa yao wenyewe bila wao kujua. Waliozinywa ni haohao wanaokuita mwizi. Bado ni kosa, mpwa wangu, kwa sababu hukuandika. Kamwambie mwenyekiti kabla ya kikao, peke yenu, kisha 52 uzirudishe kutoka mfukoni mwako hata kama inauma. Ukisubiri kaka fundi aigundue kwenye taarifa ya benki, hakuna maelezo ya DAX yatakayokuokoa.

Hizo pointi 20,000 na 4,900 ni mzaha tu. DAX ilipewa 1,000 ya kuanzia mwisho wa 1987, EURO STOXX 50 ikapewa 1,000 yake mwisho wa 1991, ingawa yenyewe ilizinduliwa Februari 1998, miezi miwili tu kabla ya soko letu la Dar kuanza kuuza na kununua. Moja imetembea muda mrefu zaidi na inalimbikiza gawio. Ukubwa wa namba hausemi kitu kuhusu ukubwa wa kampuni, wala wa faida ya kesho.

Hata ukilitoa gawio, kweli Wajerumani walitangulia mwaka ule, na sababu inaonekana kwa macho. SAP, kampuni ya programu za ofisi, ilipanda zaidi ya asilimia 60 kwa mwaka. DAX ina kampuni 40 tu za nchi moja, kwa hiyo SAP ilibeba wengi mgongoni. SAP imo kwenye kapu lenu pia, lakini humo imekaa pamoja na Wafaransa, na mwaka ule Wafaransa walikuwa na mkosi. Wachina walipunguza kununua mikoba na manukato, LVMH na L'Oréal zikashuka, na Juni Rais Macron akavunja Bunge, wawekezaji wakaingiwa na hofu. CAC 40, fahirisi ya Paris, ilimaliza mwaka ikiwa imeshuka asilimia 2 na kidogo. Ufaransa na Ujerumani ndizo zinazobeba zaidi ya nusu ya uzito wa kapu lenu, na mwaka ule Ufaransa ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.

Uzito wenyewe unatokana na thamani ya hisa zilizo huru sokoni, zile ambazo mimi na wewe tunaweza kuzinunua, zikiachwa zilizoshikiliwa na serikali au familia zenye kampuni. Kuna kikomo: kila kapu linapopangwa upya, hakuna kampuni inayoruhusiwa kuzidi asilimia 10. Mzito kuliko wote mwaka 2024 alikuwa ASML ya Uholanzi, wanaotengeneza mashine za kuchongea chipu za kompyuta. Tarehe 15 Oktoba matokeo yao yalitoka siku moja kabla ya wakati, kwa hitilafu ya mitambo, na hayakuwa mazuri. Hisa ikaanguka kama asilimia 16 siku hiyohiyo. Chukua kampuni yenye uzito wa asilimia 8 ianguke 16, peke yake imeshaivuta fahirisi chini kwa zaidi ya asilimia 1, hata kama zile 49 zimelala. Mtu akisikia "kampuni 50" anadhani amegawa mayai yake katika vikapu 50 sawasawa. Si hivyo.

Na huyo wa Nestlé? Huyo ndiye mwenye macho kikundini kwenu, msimpoteze. Neno EURO kwenye jina hilo linamaanisha sarafu, halimaanishi bara. Kapu lenu huchukua kampuni za nchi zinazotumia euro tu. Uswisi hakuna, ndiyo maana Nestlé, Roche na Novartis hazimo. Denmark hakuna, kwa hiyo Novo Nordisk haimo. Uingereza hakuna, kwa hiyo AstraZeneca, Shell na HSBC hazimo. Na kama vile hawakutosheka kuwachanganya watu, STOXX haohao, kampuni inayotunga fahirisi hizi, ofisi yao iko Zug huko Uswisi, wana fahirisi nyingine iitwayo STOXX Europe 50, maneno yamegeuzwa tu, na hiyo inazichukua Uswisi, Uingereza na Skandinavia. Anayetaka Ulaya pana zaidi anatazama STOXX Europe 600, kampuni 600 za nchi 17, kubwa, za kati na ndogo. Ungenunua hiyo, kampuni moja kama ASML isingekuwa na sauti kubwa hivyo. Kama mngeniuliza mapema, hiyo 600 ndiyo ningewaelekeza. Lakini kuhama sasa hivi kwa sababu ya ugomvi wa mwaka mmoja ni kununua ugomvi wa mwaka ujao.

Wakati huohuo msidhani mmenunua vitu vigeni. TotalEnergies imo, ndiyo yenye sehemu kubwa kwenye bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kwao marehemu wenu. AB InBev ya Ubelgiji imo, na ndiyo mwenye hisa nyingi za TBL, kampuni yetu ya bia, kwa hiyo anayefungua Kilimanjaro baridi Sinza anachangia gawio lenu kwa senti ya senti. Imo pia Prosus, iliyoorodheshwa Amsterdam, mzazi wake ni Naspers ya Afrika Kusini na mali yake kubwa ni hisa za Tencent, kampuni ya mtandao ya China. Hiyo nayo inahesabika Ulaya.

Wiki hizi soko limepanda. Februari hii ya 2025 EURO STOXX 50 ndiyo kwanza imekivuka kilele chake cha Machi 2000, bei tupu bila gawio, miaka 25 baadaye. Mwenye gawio lililorudishwa ndani alishakivuka miaka kadhaa nyuma. Nakutajia hili kwa sababu kikao kijacho ukisoma taarifa mpya, huenda wakakupigia makofi. Usiyapokee. Kama hukuiangusha, hukuipandisha pia.

Sasa niseme kilichonikera kwenye barua yako, nacho hakihusiani na fundi. Hii ni pesa ya msiba. Mmeichanga ili mtu akifa Jumanne, Jumatano muweze kulipa shirika la ndege. Katika kila euro 420, mnaweka 300 kwenye hisa na 120 benki. Mmeigeuza kichwa chini. Tarehe 12 Machi 2020 EURO STOXX 50 ilianguka zaidi ya asilimia 12 kwa siku moja, haijawahi kuanguka hivyo katika historia yake, na kutoka katikati ya Februari hadi katikati ya Machi ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi. Aliyekuwa na 6,000 alibaki na pungufu ya 4,000. Hisa zina tabia ya kurudi, ila maiti haisubiri. Ningekuwa katibu wenu ningeandika kwenye muhtasari: mpaka benki ifikie gharama ya misiba miwili, kila senti inakwenda benki. Vipande mlivyonavyo viacheni vilivyo, msiuze, msiongeze. Benki ikishajaa, ndipo ziada inunue vipande, kwa pesa ambayo hakuna atakayeidai kwa miaka kumi.

Na akaunti hiyo itoke kwenye jina lako. Leo machoni pa benki mali ile ni yako. Kodi ya faida inakuhusu wewe, ile euro 1,000 ya mapato ya uwekezaji unayosamehewa kila mwaka inaliwa na kikundi, na Mungu apishe mbali ukifariki wewe, wenzako 13 watakuwa wakibishana na warithi wako kuhusu pesa ya kukuzika. Sajilini chama. Sheria inataka wanachama 7, nyinyi mko 14, kisha chama kifungue akaunti yake yenye saini mbili.

Kujiuzulu, hapana, si sasa. Ukiondoka na hesabu ikiwa bado na tope, jina baya litakufuata mpaka Hamburg. Nenda kikaoni na karatasi, acha simu. Ukurasa mmoja tu: tarehe ya kila manunuzi, euro 300, bei ya kipande siku hiyo, idadi ya vipande. Chini yake magawio matatu na tarehe zake, na mstari mmoja: "Zilitumika kununua soda, zimerudishwa." Tengeneza nakala 14. Halafu, kabla hujakaa, pendekeza kaka fundi awe mkaguzi wa hesabu za kikundi kwa mwaka 2025, na kazi yake ya kwanza iwe kupiga simu benki kuuliza mfuko wenu unaitwaje kwa jina lake kamili.

Mjomba